Muuza madafu asiyeitikia shikamoo

Kawe, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Gaspar anaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka la dawa, anachomoa dafu moja kwenye tenga na kuligeuza mkononi kutafuta upande mlaini. Panga linapanda na kushuka, kofia ya dafu inaruka, maji yanachungulia.

Ukimtazama vizuri utaona jambo. Makali ya panga siku zote yanaelekea kwake mwenyewe, kamwe si kwa mteja. Mteja akisimama vibaya, Gaspar ndiye anayezunguka.

"Unaogopa utatukata?" anamtania Mbwana, dereva wa bodaboda anayeegesha pikipiki yake jirani.

"Naogopa," anajibu Gaspar. Hacheki.

Anakuja mtoto wa kiume, jezi imemfika magotini, katumwa na mamake alete madafu mawili. Ana adabu zake. "Shikamoo," anasema.

"Hujambo, mdogo wangu? Mama anataka ya maji matupu au yenye nyama?"

Mtoto anataja anachotaka, analipa, anaondoka. Pengine hata hajagundua kwamba salamu yake haikuitikiwa. Mbwana amegundua, maana ameanza kugundua zamani.

"Huyu bwana tangu nimjue hajawahi kusema marahaba," anasema. "Sie tunasemaga anajifanya kijana. Mke anaye, mtoto anaye, lakini ukimwamkia unaona kama umemtukana."

Makala haya yalipangwa yawe ya madafu: jua la Dar es Salaam, kiu ya watu wake, na kijana wa miaka ishirini na saba anayeishi kwa hela ya madafu kwa maana zote mbili. Siku njema hurudi nyumbani na elfu kumi na tano baada ya kumlipa mwenye lori linalotoka Mkuranga. Siku ya mvua hurudi na madafu. Lakini swali la marahaba lilipoulizwa, Gaspar aliweka panga chini, akalifunika kwa gunia, na habari ya madafu ikaishia hapo.

"Hilo neno nililichukua kwa mtu," anasema. "Kwa panga. Sijalirudisha. Sasa nitaliitikiaje kwa mwingine?"

Gaspar alikulia Temeke. Mamake, mwenyeji wa Masasi, alifariki yeye akiwa na miaka saba. Shangazi aliyemchukua alikuwa na watoto wake watano na chungu kimoja, na katika chungu hicho Gaspar alikuwa wa mwisho kuchota. Hamlaumu. "Shangazi alikuwa mtu mzuri aliyechoka," anasema.

Akiwa na miaka kumi alifuata wenzake kwenye pagale moja, nyumba ambayo mwenyewe aliishia kwenye lenta akakimbiwa na pesa. Humo alikuwemo kijana ambaye hata thelathini hakuwa amefika, lakini alitaka aitwe Mzee. Kila jioni Mzee alipika ubwabwa na maharage, akawapakulia watoto wakubwa kwa wadogo, na aliwajua wote kwa majina yao.

"Ni mtu wa kwanza kuniita Gaspar bila kuongeza tusi," anasema. "Kwa hiyo akisema kitu, mie naamini. Angesema jua linatoka Magomeni, ningeamini."

Na Mzee alisema mengi. Aliwaambia watu wazima ndio waliowaacha walale na njaa, sasa wanawaamkia kwa lipi? Mkubwa si mwenye miaka, mkubwa ni mwenye panga. Aliliita pagale lile shule, na kulikuwa na zoezi la kila siku. Mtoto mmoja anashika panga, mwenzake anasimama mbele yake na kumwamkia shikamoo, na mwenye panga lazima aitikie marahaba kwa sauti nzito, bila kucheka.

"Ukicheka, huli," anasema Gaspar. "Mie nilicheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu sikucheka."

Zoezi lilikuwa na kazi yake. Jioni moja, watu wakiwa wanarudi makwao, kundi lilimzunguka mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi kwenye uchochoro. Kijana mkubwa alivuta mkoba, mwalimu akaung'ang'ania, na kijana akamkata mkono. Gaspar, wakati huo ana miaka kumi na moja, alikuwa amepewa panga lake alishike shingoni mwa mwanamke huyo. Mzee alipenda wadogo kabisa ndio waamkiwe.

"Mwamkie mkubwa," wakamwambia mwalimu.

Mwanamke wa miaka hamsini, damu ikimchuruzika, akamwambia mtoto yule shikamoo. Na mtoto yule akaitikia marahaba, kama alivyofundishwa.

Baada ya muda mfupi wakazi na polisi walilizingira pagale. Mzee na vijana wakubwa walifungwa, na Mzee hadi leo hajatoka. Gaspar alipelekwa mahakama ya watoto. Kwa umri wake, swali la sheria lilikuwa moja: mtoto huyu alikuwa na uwezo wa kujua kwamba anachokifanya ni kosa, au hakuwa nao? Mwalimu aliitwa kutoa ushahidi, mkono ukiwa kwenye bandeji. Hakimu akamwuliza kwa jinsi alivyomwona mtoto, je, alijua?

"Sijui, mheshimiwa," mwalimu alijibu.

Basi Gaspar akarudishwa kwa shangazi, chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii. Tangu siku hiyo, ofisa, shangazi, mchungaji na baadaye mkewe wote walimpa maneno yale yale: ulikuwa mtoto, hukujua, walikuharibu akili, jisamehe.

"Mwanzoni yalinisaidia," anasema. "Baadaye yakawa kama shati la kuazima. Umelivaa, umependeza, lakini moyoni unajua si lako."

Mwaka jana, akiwa mpya kwenye biashara hii, alikuwa akikokota baiskeli kwenye mtaa mmoja wa hapa Kawe, mtu akamwita kutoka kwenye geti la kijani. Alikuwa Gozbert, karani wa ofisi fulani mjini, akitaka dafu la mamake. Mama akatoka barazani kulipokea. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunji.

Gaspar aliacha dafu juu ya ukuta, hakungoja malipo, akaondoka mbio na baiskeli yake. Kwa bahati mbaya au nzuri, Mwalimu Benedicta, yule yule wa uchochoroni, ambaye baada ya kustaafu alihamia kwa mwanawe, alikuwa naye amemtambua.

Wengine tungetafuta mtaa mwingine. Dar ina mitaa mingi, na kiu iko kote. Gaspar alikaa ndani siku hiyo, kesho yake akarudi kwenye geti lile, akavua kofia. "Shikamoo, Mwalimu. Mie ni yule."

Mwalimu aliingia ndani, akafunga mlango.

Gozbert alitaka kuita polisi. Mamake akamkataza. "Mwache apite. Barabara si yangu." Kwa hiyo Gaspar akawa anapita. Kila siku anasimama getini, anasema shikamoo, na Mwalimu, akiwa barazani na ungo wake, anachambua mchele kana kwamba aliyeongea ni upepo. Kwa Mtanzania hakuna kofi kali kuliko hilo. Mtu anaweza kukutukana na bado mkasalimiana kesho, lakini mkubwa akikaa kimya mbele ya shikamoo yako, amekufuta.

Mbwana, ambaye alidhani rafiki yake anatafuta biashara kwa mama huyo, alimpachika utani: "Mfua madafu mzima, kwa Mwalimu hufui dafu!"

Gaspar alimleta shangazi yake, mzee sasa, amwombee msamaha. Akamleta na mchungaji. Mwalimu aliwakaribisha, akawapa chai, akawasikiliza wakieleza kwamba kijana alikuwa mtoto, alilishwa sumu, hakujua alitendalo. Kisha akawauliza swali ambalo mchungaji alikwenda nalo nyumbani.

"Kama hakujua, anaomba msamaha wa nini?"

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Kilichoyavunja ni mtoto wa miaka mitatu.

Gaspar na mkewe, Tusajigwe, wana binti, Lusungu. Mtoto huyu amefundishwa adabu na mamake mpaka zimempita kimo. Anamwamkia kila kiumbe. Lakini kila alipomkimbilia babake jioni na "chikamoo" yake, babake alimbeba, akamrusha juu, akamwuliza amekula nini, akafanya kila kitu isipokuwa kuitikia.

"Nilimwambia, baba Lusungu, mtoto ameanza kuacha," anasema Tusajigwe. "Juzi kamwamkia mama mwenye nyumba, kamwamkia fundi bomba, kamwamkia na paka. Babake kaingia, kamruka. Roho iliniuma, nisikufiche."

Gaspar alikuwa na sababu yake, na mkewe aliijua. Alikuwa ameapa kwamba neno lile hatalitia kinywani mpaka aliyenyang'anywa amwitikie yeye kwanza. Lakini sasa deni lake lilikuwa linalipwa na mtoto.

Jumanne ya wiki hii Lusungu alimwaga sukari. Mamake alipoingia na kuuliza nani kamwaga, mtoto akageuka, akaubandika uso ukutani. Tusajigwe akacheka. "Mwache, mtoto huyo, hajui."

Gaspar hakucheka. "Nikajiuliza, kama hajui, mbona kageukia ukuta? Na hapo hapo nikakumbuka mie nilitazama wapi siku ile."

Ndiyo maana Jumamosi hii, akishamaliza wateja wa duka la dawa, anakokota baiskeli hadi kwenye geti la kijani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mwandishi ameombwa abaki ng'ambo ya barabara pamoja na Mbwana. Haidhuru. Sauti ya mwalimu aliyefundisha madarasa ya watoto mia haihitaji kipaza sauti, na yale yasiyovuka barabara walikuja kuyasimulia wenyewe baadaye.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mchele unapepetwa. Siku zote hapa ndipo Gaspar huinamisha kichwa na kwenda zake. Leo hasogei.

"Mwalimu, watu wote niliowaleta hapa walikwambia sikujua. Na mie nikakaa kimya, nikawaacha waseme. Nilijua."

Ungo unasimama. "Ulijua nini?"

"Kwamba si haki. Yule bwana alitufundisha, ni kweli. Alitulisha, ni kweli. Njaa ilikuwepo. Lakini uliponiamkia niliona aibu, nikatazama chini. Ningekuwa sijui, hiyo aibu ingetoka wapi?"

"Chini ulitazama nini?"

"Miguu yako. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka."

"Cha kushoto," anasema Mwalimu.

"Cha kushoto, Mwalimu."

Mwanamke huyu wa miaka sitini na sita anaweka ungo chini, na kwa mara ya kwanza anamtazama muuza madafu usoni.

"Niliona," anasema. "Nimefundisha watoto tangu nywele zangu nyeusi. Mtoto asiyejua anakukodolea macho kama ndama. Wewe uliyainamisha. Hakimu akaniuliza, huyu alijua? Nikasema sijui. Mie, niliyekuwa nawachapa watoto wa watu kwa uongo!"

Gaspar anainua uso. Miaka yote alidhani mwanamke huyu hakumwona akiinamisha macho.

"Nilikuonea huruma na nilikuchukia, vyote kwa pamoja," anaendelea Mwalimu. "Nikaogopa kwamba nikisema alijua, watakupeleka mahali utoke mbaya zaidi. Nikarudi nyumbani nikaanza kuogopa jingine. Kila nikisikia mahali vijana wameshika mapanga, nasema, ni yule. Ni yule niliyemwachia mimi. Kumbe mwenzangu unauza madafu."

Anaanza kucheka, kicheko kimechanganyika na machozi, na anajifuta kwa upindo wa khanga.

"Nilikuwa nafundisha Kiswahili," anasema. "Nawaambia watoto, shikamoo maana yake nashika miguu yako. Jioni ile nilishikishwa miguu ya mtoto wa darasa la tano. Mkono ulipona, hili halikupona. Halafu wanakuja watu wazima na Biblia zao wananiambia hukujua. Kama hukujua, basi neno langu lilichukuliwa na panga. Na panga nitalidai nini? Nilikuwa nangoja aje mtu."

"Nimekuja, Mwalimu. Niadhibu."

"Aliyekufundisha ana mzigo wake, na ni mkubwa. Wako ni mdogo. Lakini ni wako, na umeubeba mwenyewe mpaka hapa. Haya. Niamkie."

"Shikamoo, Mwalimu."

Bajaji inapita na muziki wake wa singeli, na inaonekana kama haitamaliza kupita.

"Marahaba, mwanangu."

Gaspar anakaa chini pale pale getini, kwenye vumbi, analia. Ng'ambo ya barabara Mbwana, ambaye haelewi hata nusu ya anachokiona, anavua helmeti yake. Gozbert anatoka ndani mbio, mswaki mdomoni, akidhani mamake amevamiwa, anamkuta muuza madafu analia na mamake analia, na hajui amfukuze nani.

"Rudi ukasukutue," mamake anamwambia. "Hapa kuna kesi inaisha."

Hukumu inatolewa hapo hapo, na Mwalimu anaitoa akiwa amesimama, mkono kiunoni. Kila siku Gaspar akipita atamwamkia, hata akimkuta amenuna, hata akimkuta na wageni. Akiumwa atatuma salamu. Na siku Mwalimu akifa, atasimama kaburini aseme shikamoo, na asingoje jibu.

"Mama, hicho si kifungo cha maisha?" anauliza Gozbert, povu bado mdomoni.

"Cha maisha yangu, si yake. Nami ni mzee, kitaisha upesi. Wewe, lete dafu. Laini, sina meno ya kugombana nalo."

Gaspar anafua dafu, makali yakimwelekea mwenyewe, na kwa haraka analimwaga nusu. Mwalimu analipokea kwa mkono wa kushoto, ule wa vidole vigumu, na kunywa bila mrija. Kisha anafuta kinywa na kuuliza kama ana mtoto.

"Ninaye, wa kike. Ana miaka mitatu."

"Anakuamkia?"

"Anaamkia. Mie ndio huwa siitikii. Niliapa mpaka..."

Hapo Mwalimu anawaka kweli, kuliko alivyowahi kuwaka mwaka mzima. "Unamnyima mtoto salamu yake kwa kosa lako? La utotoni ulikuwa na wa kukusukuma. Hili nani kakusukuma? Hili una akili zako timamu na ndevu! Shika baiskeli yako, nenda nyumbani sasa hivi ukaitikie."

"Nina madafu sijauza, Mwalimu."

"Nimesema nenda."

Gaspar anaivusha baiskeli barabara, macho mekundu, tabasamu limemshinda kulizuia. Mbwana anamwangalia juu mpaka chini. "Leo umefua dafu," anasema, kisha anakataa kulipwa kwa kumbebea tenga moja kwenye pikipiki.

Nyumbani ni chumba kimoja Kawe Ukwamani. Tusajigwe yuko uani anakaanga dagaa, anashangaa kumwona mumewe kabla ya adhuhuri na bidhaa zimejaa. Lusungu amekaa kizingitini na mwanasesere wa matambara. Anamwona babake, anainua macho, anayarudisha kwa mwanasesere. Haamkii.

Gaspar anachuchumaa mbele yake. Wauza madafu husimama kutwa nzima, na magoti yake yanalia.

"Hujaniamkia, mama."

Mtoto anamfikiria. "Wewe huitikii," anasema.

"Leo naitikia."

Lusungu anamgeukia mamake, kama anayeuliza iwapo mtu huyu ni wa kuaminika. Mamake ameacha dagaa waungue. Mtoto anarudi kwa babake na kujaribu kwa sauti ya chini, tayari kukatishwa tamaa.

"Chikamoo."

"Marahaba, mama."

Lusungu anaangua kicheko ambacho nyumba nzima ya wapangaji inakisikia. Anasema tena, anaitikiwa tena. Anazunguka nyuma ya mlango, anatokea, anaamkia, anaitikiwa. Amepata mchezo, na kwa jinsi ulivyonoga hauelekei kuisha leo.

Mipango ya Gaspar si mikubwa. Anatamani apate kibanda cha kudumu, ikiwezekana karibu na wachonga vinyago wa Mwenge wanakoshuka wageni, ila kama tu njia ya kwendea huko itapita kwenye geti la kijani. Cha haraka ni cha kesho. Baada ya ibada ya Jumapili atamchukua Lusungu, avae gauni lake la njano, ampeleke akamwamkie Mwalimu. Amemwambia mtoto jina la bibi huyo na mtoto amelijaribu, likatoka Mwalumu. Atapiga mazoezi usiku kucha ikibidi, anasema baba.

"Chikamoo!" inatoka sauti nyuma ya mlango.

"Marahaba," anasema Gaspar, akimtazama usoni.